Mfungwa na Aliyefungwa



Wapenzi wasomaji, ndugu zangu katika imani na katika lugha. Naomba nafasi katika kurasa hizi nieleze jambo lililonikaa moyoni kwa muda mrefu, nalo ni kosa langu mwenyewe. Nimesomesha kwa miaka zaidi ya thelathini, kwanza kwetu Unguja na baadaye hapa Uingereza, na muda wote huo nimekuwa nikiwasahihisha watoto wa watu kwa kalamu nyekundu. Leo nataka nijisahihishe mimi. Mambo nitakayoyasimulia yalitokea katika mji nilioishi kabla ya kuhamia huu. Wahusika wamenipa idhini yao, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili wasitambulikane. Anayedhani amewajua, na ajue kwamba huenda amekosea, na vyema anyamaze.

Mwaka 2021, ukumbi wa jumuiya yetu ulipofunguliwa tena baada ya maradhi ya korona, kamati ilitafuta mtu wa kuutunza: afungue na kufunga milango, apange viti na kutandika majamvi siku za maulidi na harusi, na aandike katika daftari majina ya wanaokodi. Ujira ulikuwa mdogo, wa saa chache kwa wiki. Mimi nilikuwa katibu, na kwa kuwa katika kila kamati mwalimu ndiye hupewa kalamu, niliiandika fomu ya maombi. Swali la saba lilisema hivi: "Je, umewahi kuhukumiwa kwa kosa lolote la jinai?" Sikulitunga mimi swali hilo. Nililinakili tu kutoka katika fomu ya zamani ya Kiingereza, bila ya kufikiri.

Walioomba kazi walikuwa watatu. Mmoja wao ni kijana niliyemsomesha Kiswahili siku za Jumamosi alipokuwa na miaka tisa. Alipofika miaka ishirini, mwaka 2013, alikamatwa na dawa za kulevya alizokuwa akimuuzia mtu mwingine, akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Alikitumikia, akatoka, akajifunza ufundi wa bomba, akawa anamtunza mama yake mjane. Msikitini alikuwa akisali safu ya nyuma kabisa. Alikuja baada ya adhana, na aliondoka kabla watu hawajapeana mikono. Hakuna aliyemfukuza, lakini pia hakuna aliyemsogezea nafasi.

Katika swali la saba aliandika "Ndiyo", kisha akaeleza kosa lake kwa mistari minne, kwa hati safi niliyomfundisha mimi mwenyewe.

Kamati ilimjadili kwa muda wa dakika kumi. Mzee mmoja, mtu mwema ambaye sina shaka na imani yake, alisema: "Ukumbi ni amana. Watu watasema funguo tumempa mfungwa." Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilijua kwamba kati ya waombaji watatu yeye ndiye aliyefaa zaidi, maana wawili wale hawakuweza hata kufika kwa wakati siku ya mahojiano. Nikanyamaza. Usiku ule niliandika barua ya "tunasikitika kukuarifu", nikaitia saini, nikaipeleka posta.

Baada ya wiki moja mama yake alinijia nyumbani. Ni bibi aliyepika katika maulidi yetu kwa miaka mingi bila ya kudai hata ahsante. Aliiweka ile barua juu ya meza, akaniambia: "Maalim, wewe ndiye uliyemfundisha mwanangu kusema kweli. Kweli ameisema. Sasa nifundishe na mimi, nimwambie nini?" Sikuwa na jibu. Mke wangu alileta chai. Yule bibi hakuionja. Tangu siku hiyo hakuonekana tena ukumbini, wala katika harusi, wala katika khitma. Baadaye nikasikia kwamba posa mbili za binti yake zilikuwa zimerudi nyuma, na kila mara sababu ilikuwa ni ile ile: kaka yake "mfungwa".

Neno hilo ndilo lililonizindua, kwa sababu lugha ndiyo kazi yangu. Nimewafundisha wanafunzi wengi tofauti iliyopo baina ya "amefungwa" na "alifungwa". Ukisema "amefungwa", mtu yuko gerezani hivi sasa na mlango umefungwa. Ukisema "alifungwa", umeeleza jambo lililopita na likamalizika. Vivyo hivyo, "mfungwa" ni yule aliye kifungoni, na aliyekwisha kutoka ni "aliyefungwa". Sisi lakini, kwa ndimi zetu, tulikuwa tumemrudisha kijana yule gerezani kwa miaka sita baada ya serikali kumfungulia. Na swali langu la saba lilikuwa na ubaya huo huo. Neno "umewahi" halina mpaka. Linamuuliza mtu wa miaka sabini juu ya alichokifanya akiwa na miaka kumi na sita, na linampima kwa mizani ile ile anayopimwa aliyetoka mahakamani jana.

Nilikwenda kumwona mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni wakili, nikamwonesha fomu. Akaisoma, akatikisa kichwa, akasema: "Maalim, kijana huyu alikuwa na haki ya kuandika Hapana, na wala asingekuwa mwongo mbele ya sheria." Nikashangaa. Basi akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi kwa kadiri nilivyofahamu, kwani naamini nyumba nyingi zetu zina haja ya kuyajua haya.

Tangu mwaka 1974 ipo sheria katika nchi hii inayohusu kuwarekebisha waliotenda makosa. Msingi wake ni kwamba baada ya adhabu kumalizika na muda fulani kupita bila ya mtu kurudia makosa, hukumu yake huhesabiwa kuwa imekwisha muda, na yeye hutazamwa, katika mambo mengi, kana kwamba hakuhukumiwa kabisa. Akiulizwa na mwajiri wa kawaida, au na shirika la bima, hana wajibu wa kuitaja. Na hata ikijulikana, hukumu ya namna hiyo si sababu ya haki ya kumnyima kazi wala kumfukuza kazini.

Muda wenyewe umefupishwa mara kwa mara, kwanza mwaka 2014 na tena mwaka 2023. Leo katika England na Wales, mtu mzima aliyefungwa mwaka mmoja au chini yake husubiri miezi 12 baada ya kumalizika kwa kifungo chote, pamoja na ile sehemu anayoitumikia akiwa nje chini ya uangalizi. Aliyefungwa zaidi ya mwaka mmoja hadi minne husubiri miaka 4. Aliyefungwa zaidi ya miaka minne husubiri miaka 7, isipokuwa kwa makosa mazito ya ukatili, ya zinaa na ya ugaidi, ambayo vifungo vyake vya zaidi ya miaka minne havimaliziki muda kamwe. Na kifungo cha maisha pia ni hivyo. Aliyetozwa faini husubiri miezi 12 tangu siku ya hukumu. Kwa aliyehukumiwa kabla ya kutimiza miaka 18, muda wa kusubiri baada ya kifungo, na ule wa faini, ni nusu. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao, na anayeishi huko aulize za huko.

Sasa hesabuni pamoja nami. Kijana wetu alihukumiwa miezi 18 mwaka 2013. Kifungo chote, ukikihesabu hadi siku yake ya mwisho, kilikuwa kimemalizika kufikia 2015. Ongeza miaka minne: 2019. Fomu yangu aliijaza mwaka 2021. Sheria ya Waingereza ilikuwa imekwisha kumsamehe, na sisi, ndugu zake, tulikuwa bado tunamdai.

Nisifiche upande wa pili. Sheria hii ina milango iliyofungwa, na ni lazima tuijue. Ualimu, uuguzi, udaktari, kulea watoto, kuwahudumia wazee na wagonjwa, na hata leseni ya kuendesha teksi, ni kazi ambazo mwajiri au baraza la mji lina ruhusa ya kuuliza na kuchungulia nyuma zaidi. Ndiyo maana vyeti vya DBS si vya aina moja. Cheti cha msingi huonesha zile hukumu tu ambazo muda wake haujaisha. Vyeti vya juu huweza kuonesha zaidi, ingawa vina machujo yake, na makosa madogo ya zamani huweza kuachwa nje. Mimi nami nina wajukuu, na sitaki mtu yeyote apewe watoto wetu bila ya kuchunguzwa. Lakini kupanga viti vya maulidi si kulea watoto, na hofu isiyopima hugeuka dhulma.

Mlango wa pili ni mzito zaidi kwetu sisi wahamiaji. Katika mambo ya viza, ukaazi na uraia, kinga hii haitumiki tangu mwaka 2012. Anayeomba uraia anatakiwa aeleze yote, hata yale ya zamani. Na kwa sheria ya mwaka 2007, mgeni asiye na uraia anayehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi hukabiliwa na amri ya kurudishwa alikotoka, isipokuwa akiingia katika mambo yaliyotolewa nje, kama vile haki za binadamu. Kwa hiyo wazazi, mtoto wenu akikamatwa, msimwambie "kiri tu yaishe" kwa ajili ya kuogopa aibu ya majirani. Anayo haki ya wakili bila malipo katika kituo cha polisi. Na aitumie kabla ya kusema lolote.

Jambo jingine aliloniambia yule wakili lilinifanya nijitazame. Sheria hiyo hiyo ya 1974 inasema kwamba mtu akiitangaza hukumu ya mwenzake iliyokwisha muda, na ikathibitika kuwa alifanya hivyo kwa nia mbaya, anaweza kushitakiwa kwa kumvunjia heshima, wala haitamfaa kusema "lakini ni kweli". Fikirini! Sisi hudhani kwamba jambo likiwa kweli basi kulisema si kosa. Tulikwisha kuambiwa zamani, katika dini yetu, kwamba kumtaja ndugu yako kwa analolichukia ndiyo kusengenya, hata kama analo. Mahakama ya Kiingereza imeukaribia mlango tuliooneshwa sisi tangu utotoni chuoni.

Na kwa kuwa tumefika hapo, niwakumbushe mambo mawili tunayoyajua sote, ila hatuyaweki pamoja.

La kwanza ni kisa cha Mistah. Alikuwa Muhajiri masikini, mtu wa Badri, jamaa wa Sayyidna Abubakar (R.A.) naye ndiye aliyekuwa akimlisha. Kisha akaingia katika wale walioeneza uzushi juu ya Bibi Aisha (R.A.), binti wa huyo huyo aliyekuwa akimlisha; na wapokezi wanasimulia kwamba aliadhibiwa kwa hilo. Abubakar akaapa kwamba hatampa tena kitu. Nani angemlaumu? Lakini ikateremka aya katika Suratun Nur kuwataka wenye wasaa wasiape kuwanyima jamaa na masikini, bali wasamehe, kwani wao pia wanapenda kusamehewa na Mola wao. Abubakar akamrudishia Mistah posho yake. Angalieni: adhabu ilikuwa imepita, na riziki ilikuwa haipaswi kukatwa.

La pili ni la fiqhi. Msingizi aliyeadhibiwa, ushahidi wake haukubaliwi. Je, akitubia? Imam Abu Hanifa alisema haukubaliwi hata hivyo. Lakini Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yetu sisi watu wa pwani, alisema unakubaliwa. Na katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho masheikh wetu wamekisomesha kwa vizazi, imeshurutishwa kwamba ajaribiwe kwa muda ambao ukweli wa toba yake utadhihirika. Na wengi wa wanavyuoni wameukadiria muda huo kuwa mwaka mmoja. Mimi si sheikh, na mwenye kutaka undani awaulize wenye elimu. Ninalosema ni kwamba fikra ya muda wa kujaribiwa, kisha mtu kurudishiwa heshima yake, hatukuletewa na Bunge la London. Ilikuwamo katika vitabu vyetu. Sisi ndio tuliokuwa hatuvifungui.

Na tusidhani kwamba hili ni jambo la nyumba moja. Katika magereza ya England na Wales, Waislamu ni takriban asilimia 18 ya wafungwa, ilhali katika sensa ya mwaka 2021 walikuwa asilimia 6.5 tu ya watu wote. Sababu zake ni nyingi, na si zote ni makosa ya vijana wetu. Lakini kila mmoja wao atatoka siku moja, na wengi wao watarudi katika mitaa yetu na safu zetu. Swali ni moja: watakuta nini?

Nikamalizia nilipopaswa kuanzia. Katika mkutano uliofuata nilisimama mbele ya kamati, nikakiri kwamba fomu ilikuwa na kosa na kwamba kosa lilikuwa langu. Hakukuwa na mabishano makubwa. Yule mzee aliyezungumzia amana ndiye wa kwanza kusema: "Wazee wetu walisema, mavi ya kale hayanuki. Sisi tumeyafukua." Swali la saba likafutwa. Ikaamuliwa kwamba kwa kazi za watoto tuombe cheti kile ambacho sheria inakiruhusu, na kwa kazi nyingine tusiulize kitu.

Kisha nikaenda kwa yule kijana. Nilimkuta chini ya sinki la mteja, mikono imejaa mafuta. Nikamwomba radhi, nikaanza kumweleza sheria ya 1974 kama niliyevumbua kitu kipya. Akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema: "Maalim, sheria hiyo naijua. Tulielezwa. Kwa Mwingereza ningeandika Hapana, na hapana mtu ambaye angenigusa. Lakini aliyeuliza ni wewe, kwa Kiswahili, na uliniuliza kama nimewahi. Ningekujibuje wewe Hapana?"

Wasomaji wangu, nimepewa shahada na vyeti vya kuagwa, lakini sijapata kupewa heshima kubwa na aibu kubwa kwa neno moja kama siku ile. Alinisamehe. Kazi ya ukumbi hakuitaka tena, kwani ufundi wake ulikuwa umeshika. Mama yake ilimchukua zaidi ya mwaka kurudi ukumbini, na hakurudi kwa ajili ya barua yangu ya kuomba radhi. Alirudi kwa sababu mabibi watatu walikwenda kwake asubuhi moja, wakaketi jikoni, wakamwambia kwamba pilau ya maulidi haijawa pilau tangu alipoondoka.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa wenye hukumu za zamani: ijueni haki yenu. Mnaweza kuomba wenyewe cheti cha msingi cha DBS, na kumbukumbu zenu za polisi mnaweza kuziomba bila malipo kupitia ofisi ya ACRO. Na liko shirika la hisani liitwalo Unlock, ambalo kazi yake ni kuwashauri watu katika jambo hili. Kwa wenye kamati, maduka na madrasa: zitazameni fomu zenu leo, na neno "umewahi" lililokaa pasipo na haja lifuteni. Na kwa sisi sote: jamaa yetu akitoka kifungoni, tusingoje sheria ihesabu miaka. Tumsogezee nafasi katika safu, tumpe mkono kabla hajafika mlangoni, na mama yake tumwendee jikoni.

Kutenda kosa si kosa, walisema wahenga, kosa ni kurudia kosa. Mimi langu nimelisema hadharani, na namwomba Mwenyezi Mungu anisaidie nisilirudie.

Wabillahi tawfiq.

Wenu,
Mwalimu mstaafu